Stendi ya miguu miwili kwenye baiskeli ya kukunja (mradi wangu, Mbeya)

Baiskeli yenyewe ni ya mtumba kutoka Japani: magurudumu ya inchi 20, gia 6, fremu inakunjika katikati. Asubuhi nashuka nayo mjini na trei za mayai kwenye keria, narudi jioni nimeikunja ndani ya daladala, kwa sababu milima ya kwetu kuipanda na baiskeli ukiwa umechoka ni adhabu. Kwa kazi hiyo sijaona chombo kinachoizidi. Tatizo ni kuisimamisha.

Trei 4 ni mayai 120, kilo 7 na ushee, na yote yamekaa juu, nyuma ya kiti. Stendi ya mguu mmoja huitaka baiskeli iegemee kushoto. Mzigo ukiwa juu, uzito nao unahamia kushoto, mguu unaanza kuzama, na kadiri unavyozama ndivyo baiskeli inavyozidi kulala. Anayejua udongo wa Mbeya kuanzia Novemba hadi Aprili hahitaji maelezo zaidi. Ukifika dukani unabaki umeshika usukani kwa mkono mmoja huku unafungua kamba kwa mwingine. Ninachotaka ni baiskeli isimame wima yenyewe, mikono yangu yote miwili ibaki kwa mayai.

Kuchagua

Wazo la kwanza lilikuwa stendi ya zile baiskeli za Kijapani zenye kikapu mbele. Zimejaa kwenye mitumba, na stendi zake ni imara kweli: chuma kipana kinachofungwa kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma, pande zote mbili, chenye kufuli. Lakini zimetengenezwa kwa gurudumu la inchi 26, ambalo ekseli yake iko juu kama sentimita 33. Yangu iko kwenye 25. Ingebidi kukata sentimita 8 na kuchomelea upya. Hilo linawezekana. Kilichonikatisha tamaa ni upande wa kulia, ambako kifaa cha kubadilishia gia kimefungwa hapo hapo kwenye ekseli, na mkono wa stendi ungekigusa.

Nikaamua stendi ya katikati, inayofungwa nyuma kidogo ya ekseli ya pedeli, kwenye zile bomba mbili za chini zinazokwenda gurudumu la nyuma. Kichwa kinakaa chini ya bomba, bamba linakaa juu yake, bolti moja nene ya milimita 10 inavibana pamoja. Ndugu yangu aliinunua Dar, ikapanda basi, nikaipokea kituo cha mabasi cha Nane Nane. Ni ya alumini, na miguu yote miwili hulala upande wa kushoto ukiipandisha.

Kufunga, na ile kabari

Hapa ndipo penye somo kwa yeyote mwenye baiskeli ya magurudumu madogo.

Kwenye baiskeli kubwa, ekseli ya gurudumu la nyuma iko juu kuliko ekseli ya pedeli, kwa hiyo zile bomba mbili zinapanda kuelekea nyuma. Kwenye baiskeli ya inchi 20 ni kinyume. Ekseli ya pedeli iko juu kama sentimita 29, gurudumu liko kwenye 25, bomba zinashuka kuelekea nyuma. Stendi imetengenezwa kwa bomba zinazopanda. Ukiifunga hivi hivi, miguu inachungulia mbele mno, na kuipandisha baiskeli juu yake unahitaji nguvu kama unanyanyua gunia.

Dawa yake ni kabari kati ya bomba na kichwa cha stendi, upande mnene ukiwa mbele. Yangu nimeichonga kwa tupa kutoka kipande cha alumini: milimita 4 mbele, inakwisha kabisa nyuma. Nilifikiria mpira wa tairi, lakini mpira hubonyea, na bolti inayobana kitu kinachobonyea italegea tu. Mpira nimeuweka mwembamba sana, wa tyubu, juu ya bomba, chini ya bamba, ili rangi isichubuke na maji yasipate njia ya kuleta kutu. Chini ya kichwa cha bolti kuna washa ya springi.

Kabla ya kukaza, angalia waya wa gia unapita wapi. Kwangu unapita chini ya bomba la kulia, pale pale kichwa kinapokaa, na ungebanwa. Nimeusogeza upite ubavuni kwa vibanio vya plastiki. Bolti usiikaze kwa hasira, maana bomba za baiskeli ni nyembamba na zinabonyea. Mimi nakaza, naendesha, nakaza tena.

Kukata miguu

Nilikwenda kwa fundi wangu pale Mwanjelwa kwa sababu ana jiliwa la kubania chuma na sakafu ya saruji iliyonyooka. Baada ya kabari kukaa, gurudumu la mbele lilikuwa linaning'inia sentimita 9 kutoka chini. Kijana mmoja pale alishika msumeno akataka kukata sentimita 8 moja kwa moja, ibaki moja. Fundi akamzuia: "Subiri. Dada, leta mzigo kwanza."

Tukaweka trei zenye mchanga wa uzito ule ule, tukajaza upepo, tukapima. Hesabu iko hivi: gurudumu la nyuma linabaki chini, stendi iko kama sentimita 35 mbele yake, gurudumu la mbele liko karibu mita 1 kutoka lile la nyuma. Kwa hiyo ukipunguza mguu sentimita 1, gurudumu la mbele linashuka karibu 3. Tulikata 2 na nusu tu, kwa vipande vidogo vidogo, tukipima kila baada ya kukata, na mbele pakabaki nafasi ya sentimita 2. Ncha tulizikata kwa mshazari ili kiatu cha mguu kilale bapa, maana miguu inatanuka kwenda nje.

Sasa inasimama kwa pointi tatu, gurudumu la nyuma na miguu miwili, na mzigo uko katikati yake. Nimetoa trei zote mikono miwili. Furaha niliyoipata siifichi.

Usukani na kukunja

Gurudumu la mbele likiwa hewani, usukani unajipindua wenyewe. Nimekata ukanda wa tyubu, nauzungushia gurudumu na bomba la fremu kila ninaposimama. Unatosha kabisa.

Kukunja kumebadilika. Nusu ya mbele ya baiskeli hii hukunjwa kuja kushoto, na kushoto ndiko miguu ya stendi inakolala. Magurudumu hayakutani tena, kwa hiyo sumaku iliyokuwa inayashika haifiki. Ukanda ule ule wa tyubu ndio unafunga sasa. Furushi limenenepa, na uzito umeongezeka nusu kilo na kidogo. Kondakta hajalalamika. Mkono wa pedeli wa kushoto unapita bila kugusa miguu ikiwa imepandishwa, lakini ikiwa imeshuka unagota, kwa hiyo usirudishe baiskeli nyuma ikiwa juu ya stendi.

Viatu vya matope

Miguu miwili nayo huzama, kwa sababu vile viatu vya plastiki ni vidogo kama kizibo cha soda. Nilimwendea mzee anayeshona katambuga sokoni.

"Shikamoo mzee. Nataka soli mbili, duara, upana sentimita 6."

"Marahaba mwanangu. Za mtoto?"

Nilimwonyesha baiskeli. Akaizunguka, akaibonyeza keria, kisha akachagua kipande cha tairi la lori chenye nyuzi nyingi na kuzikata mbele yangu. Nimezifunga kwa skrubu kwenye vile viatu. Kwenye matope ya kawaida zinashika vizuri.

Kilichobaki ni kuzijaribu kwenye mteremko wa duka moja ninalopeleka mayai, ambako hakuna sehemu iliyonyooka hata ya kuweka ndoo. Nadhani nitahitaji kufunga breki ya nyuma kwa kamba ya mpira kwenye mkono wake, maana gurudumu la nyuma ndilo lililo chini na ndilo linaloweza kubingirika. Ukanda nimeshaukata, nasubiri mzigo wa Alhamisi.