Filamu mpya ikishatoka sinema, husubiri siku ngapi kabla ya kufika sebuleni?

Marekani hilo ni suala la makubaliano ya kibiashara tu. Zamani zilikuwa kama siku 90. Julai 2020 studio ya Universal na AMC, wenye kumbi za sinema, wakakubaliana 17, yaani wikiendi tatu, ndipo filamu ikodishwe mtandaoni, AMC nao wakipata mgao. Si wendawazimu: filamu kubwa huvuna pesa nyingi mwanzoni. Studio ya Warner Bros. ndio waliovuka mpaka, mwaka 2021, kwa kuzitoa filamu HBO Max, huduma yao ya kutazama mtandaoni, siku ileile ya sinema. Maharamia wakapata nakala safi siku ya kwanza, badala ya ile ya kurekodiwa ukumbini yenye vichwa vya watu. Ufaransa hawana mchezo: tangu 2022 Netflix husubiri miezi 15.