Manda mpaka New York, na swali la mamangu

Kabla ya safari nilipiga hesabu kwa simu, Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege wa Lamu, mpaka Nairobi kama kilomita 450, Nairobi mpaka New York kama 11,800, nikamwambia mama mbona rahisi, ndege mbili tu, ya kwanza saa moja na kitu, ya pili masaa 15, nimeshafika kwa dada. Mama ni mtoto wa nahodha, akaniuliza, "Na pepo je, umezihesabu?"

Ilikua Januari, kaskazi, ule upepo wa kutoka kaskazini mashariki, imekaza. Boti ya kutoka Lamu kwenda Manda ni dakika chache tu lakini siku hiyo maji yaliturukia mpaka begi la halua ya dada nikalipakata kama mtoto. Nairobi nikakaa tangu mchana mpaka saa tano na nusu usiku, huko kungoja hakuna anayekuhesabia kwenye kilomita.

Sasa ndege ya pili. Jamani ule usiku hauishi! Unakwenda magharibi, jua liko nyuma yako linakufukuza na wewe unalikimbia, kwahivyo giza mnasafiri nalo pamoja. Kwenye skrini ya kiti naona kindege kinasogea juu ya Sahara, nikalala, nikaamka, bado Sahara. Simu yangu niliiacha na saa za nyumbani, ikafika saa saba mchana, nikajua Lamu washaswali adhuhuri, nafungua kidirisha nje ni giza totoro na mimi bado nangoja alfajiri. Karibu saa nane ndo nikaona uzi mweupe nyuma ya bawa, nikaswali pale pale kwenye kiti. Tukashuka New York saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya kwao, baridi inakata masikio.

Lakini kilichonikaa moyoni ni hii habari ya pepo. Ndege inakwenda kama kilomita 900 kwa saa, ukigawa 11,800 unapata masaa 13 na kidogo, sasa mengine yamekwenda wapi? Kuna kupanda na kushuka, sawa, lakini kule juu kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na sisi tulikua tunaukabili usoni. Kurudi unakusukuma, njia ile ile ikawa masaa 14. Ni yale yale ya majahazi, Waarabu walikuja huku na kaskazi wakangoja kusi, upepo wa kutoka kusini, ndo warudi, hakuna aliyeuliza Maskati kule Omani ni maili ngapi, waliuliza upepo gani.

Niliporudi mama alikua jetini kwa buibui lake linapepea. Hata salamu hatujamaliza, "Kurudi je, masaa mangapi?" Nikamwambia 14. Akatikisa kichwa, akashika begi upande mmoja, tukaenda zetu.