Jinsi nilivyotatua tatizo la kitako cha bunduki ya gumegume kupasuka shingoni

Kitako cha kwanza, yaani sehemu ya mti inayoshika mtutu, nilichokichonga hapa Kirumba, Mwanza, kwa ajili ya gumegume ya marehemu babu, bunduki ya kale iliyowasha baruti kwa cheche za jiwe na ambayo haifyatuliwi tena, kilipasuka shingoni, yaani pale mti unapokuwa mwembamba nyuma ya mtambo wa jiwe, kwa sababu nilifuata mchoro wangu bila kutazama kwamba nyuzi za mti zilikatiza mahali hapo. Safari ya pili nilitafuta ubao wa mninga uliokauka vizuri, ambao nyuzi zake zilipinda pamoja na shingo yenyewe.

Ugumu uliobaki ulikuwa katika mfereji wa mtutu, ule unaochimbwa juu ya kitako ili mtutu ulale humo. Nilipaka masizi ya koroboi upande wa chini wa mtutu, nikaulaza mferejini, nikaunyanyua, na kila palipobaki doa jeusi nikakwangua kidogo kidogo kwa patasi kali. Kazi hiyo, iliyonichukua siku 4, ndiyo inayodai subira kuliko zote, kwani mtutu usiolala sawasawa huugandamiza mti sehemu chache tu na kuupasua. Umbo la nje nililichonga baadaye, kwa tezo niliyoazimwa na fundi mitumbwi wa Mwaloni, kisha nikapiga msasa na kupaka mafuta ya kitani.