Record na record

Walimu wa Kingereza jamani neno kama record muwe mnalitamka kwa sauti darasani, msiishie ubaoni. Jana mtoto wa dada angu kaniuliza, anko mbona record iko mara mbili hapa, jina na kitenzi? Nikamwambia skiliza, ikiwa jina mkazo unakaa mwanzo, REcord, ikiwa kitenzi unahamia mwisho, reCORD, na permit na export nazo hivohivo. Sisi kwenye Kiswahili mkazo wetu karibu siku zote uko silabi ya pili toka mwisho, afu jina na kitenzi vinaachana umbo kabisa, cheza mchezo, pika mpishi, sasa mtoto atajuaje? Ila visit na answer hazibadiliki, hapo unaangalia tu imekaa wapi kwenye sentensi.