Mtu hasi wangu ni mama, nimbloku vipi?

Siku hizi ukishika simu tu unaambiwa achana na watu hasi, bloku wote, baki na wenye mtazamo chanya. Haya. Sasa mtu hasi wangu mimi ni mama mzazi, tunalala nyumba moja hapa Mbagala na wali nakula wa sufuria lake, namkwepea wapi?

Kisa ni kwamba mwaka huu narisiti fomu foo. Ndiyo, mimi fundi cherehani, miaka 30, mwanangu yuko darasa la tatu. Nataka kusomea unesi na kule wanataka baiolojia, kemia na fizikia, ukiwa na F huingii. Mi ni wale wa 2012, mnatukumbuka, matokeo yalitoka Februari 2013 asilimia kama 60 tukala ziro, nchi nzima ikapiga kelele, Waziri Mkuu akaunda tume, Mei yakatoka mengine na mimi nikapandishwa kutoka ziro mpaka divisheni foo ya pointi 33, ile ya mwisho kabisa kabla ya ziro. Kemia ikabaki F palepale, haikusogea hata kwa huruma.

Basi nilivyojiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea nikafanya kosa moja, nikatangaza. Wifi alicheka mpaka akakaa chini, eti utafanya mtihani chumba kimoja na mwanao. Jirani naye akasema dada, zile hesabu za kemia za moli zilinishinda mimi niliyekuwa shule kila siku, wewe utaziweza katikati ya sare za sendofu? Huyu jirani sikumchukia, ana pointi, wiki ileile nikatafuta mwalimu wa tuisheni wa moli tu, Jumamosi jioni. Ya wifi nikaiacha ipite, haina hata pa kushika.

Jedwali la elementi nimelibandika ukutani juu ya cherehani. Nikikanyaga pedali natamka valensi, sodiamu moja, magnesiamu mbili, aluminiamu tatu, hivyohivyo mpaka mshono uishe. Mteja mmoja aliliangalia weee akauliza, fundi, hii ndo kalenda ya oda? Nikamwambia ndiyo, gauni lako lipo kwenye klorini. (Nilicheka peke yangu siku nzima, hizi ndo raha zangu sasa.)

Sasa mama. Yeye akiona daftari tu, "unajichosha bure", "vitenge vya watu vimelala hapo". Nilikuwa namjibu, tunanuniana, nalala sijasoma hata ukurasa. Siku moja nikamuuliza taratibu, mama kwani nimekukosea nini? Akaendelea kuchambua mchele, kimyaa, halafu akasema mwaka ule siku nne ulikuwa huli, uji nakunywesha kwa kijiko kama mgonjwa. Basi, hakuongeza neno. Kumbe muda wote huo nagombana na mtu anayeogopa.

Hajaacha kusema, msidhani. Ila siku hizi yeye anasema na mimi nasoma, hatuzuiani.

Juzi usiku luku ikaisha nikiwa katikati ya swali, simu nayo chaji asilimia mbili. Nikasikia ndala zake. Kaja na tochi, kasimama nyuma yangu, kamulika daftari.

"Fanya haraka," akasema, "na ukifeli usije kunililia mimi."