Kanisa la Auvers, ana kwa ana

Jamani, leo nimeiona ile picha ya kanisa la Auvers-sur-Oise, mji mdogo karibu na Paris, aliyoichora Vincent van Gogh, pale makumbusho ya Musée d'Orsay, Paris. Kwenye simu nilikuwa naipita tu. Ukutani ni habari nyingine kabisa.

Picha yenyewe si kubwa, urefu haufiki hata mita moja. Lakini rangi! Anga ni buluu nzito ya usiku, huku chini njia na majani vinang'aa jua la mchana. Sogea karibu (mlinzi atakukata jicho, usijali) uone mipigo ya brashi pale njiani: mifupi mifupi, minene, imepangwa kama ukili wa mkeka. Paa limepinda, kuta zinayumba. Mlango huuoni, maana amelichora kwa nyuma. Njia inagawanyika, na mama mmoja ametupa kisogo, anashika ya kushoto.

Alilichora Juni 1890. Alimwandikia dada yake Wil kwamba jengo linaonekana la zambarau mbele ya anga ya buluu tupu ya kobalti. Mwishoni mwa Julai akafariki, akazikwa huko huko Auvers. Mdogo wake Theo naye yuko kaburi la pembeni.

Wengi wanasema hii ni picha ya mtu anayeaga dunia. Mimi sikubali. Aliyekata tamaa hamwagi jua lote lile njiani.

Kanisa lenyewe bado limesimama. Mlioko Paris, nani tunaongozana wikiendi hii?