Papa tunampima majini, na picha mgeni anaipata

Nimechoka kuulizwa hapa Nungwi boti yetu inaandikaje daftarini papa wanaonaswa na wageni bila ya kumpandisha hata mmoja, na nimechoka zaidi kusikia ushauri wa watu ambao papa wanamjua kwenye sahani tu. Haya, someni.

Kwanza siye papa hatumtafuti. Mgeni kalipa aje kuvua samaki, nduaro au nguru, Mlango wa Pemba, papa anakuja mwenyewe, kala chambo au kamfata nguru wa watu aliyeko mshipini. Zamani alikuwa anapandishwa, mgeni anapiga picha, vijana wanachukua nyama inakwenda diko kuuzwa au inakaushwa ng'onda, kalamu haijagusa karatasi. Sasa utajuaje kama wanapungua?

Jamaa mmoja mjuzi wa mdomo akanambia nunua futi ya fundi, umpime ubavuni mwa boti. Nikanunua. Akaja papa nyundo, mkubwa mashallah, kijana mmoja kashika futi upande wa kichwa, wa pili kainama kuufata mkia, wa tatu kamshika wa pili miguu asije akazama, mie kwenye usukani nasoma dua. Yule papa akageuza kichwa mara moja tu, futi ikachomoka yote ikenda zake, kijana wa mkia alikuwa keshafika juu ya paa la boti sijui kapandia wapi, na mgeni kacheka mpaka kasahau kurikodi. Nilipomweleza yule mjuzi akasema basi mpandishe ndani ndo umpime. Bwana weye, papa hana mbavu, ukimtoa majini uzito wake wenyewe unamponda matumbo, na nyundo ni katika walio dhaifu zaidi, ukimchosha sana kwenye mshipi anaweza kufa hata baada ya kumwachia.

Ndo nikapata akili ya rangi. Ubavu wa boti, chini karibu na maji, nikachora mistari myekundu na myeupe kila sentimita 10, na namba kila nusu mita. Papa analetwa sambamba, boti inakwenda polepole ili maji yapite kwenye mashavu yake apumue, pua inawekwa kwenye sifuri, simu inapiga kutoka juu, tayari! Urefu unausoma jioni na kahawa yako, saa imo kwenye picha, mahali unatoa kwenye jipiesi. Dume utamjua kwa vile vijiti viwili nyuma ya mapezi ya tumboni. Mgeni naye nampa simu kwenye fimbo aitie majini, picha yake inakuwa nzuri kuliko ile ya papa kaning'inizwa.

Vijana walininunia lakini, nyama ni pesa ati. Tukakubaliana kila papa aliyeachiwa na kuandikwa mgeni atie kitu koponi, elfu kumi, ishirini, wengine dola, na wageni wanaambiwa mapema kabla hawajalipa safari. Tangu hapo wanapiga kelele wao, "Pima, pima!" Ikabidi tena niweke sharti kwamba kopo ni kwa papa aliyekuja mwenyewe, maana nilimuona mmoja anamwaga damu ya samaki makusudi.

Ndoana tumia za duara, zinashika pembeni mwa mdomo, hazimezwi kirahisi, na ziwe za chuma kinacholiwa na kutu, siyo stenlesi, na mkasi wa waya uwe karibu na mkono. Papa wa mkia mrefu yule hana mjadala, kanuni ya IOTC, ile tume ya jodari ya Bahari ya Hindi, na Tanzania imo, inasema hata anayevua kwa burudani amwachie hai na awe na vifaa vya kumwachilia.

Daftari nampelekea bwana samaki nakala. Rangi nunueni ya boti, ya nyumba inabanduka kabla kusi haijesha.